Mwongozo wa Kununua Seti ya Kuunda Ndege kwa Wanaoanza Nchini Uganda

Anayetaka kuunda ndege yake kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza kwa kutazama mwendo na sura, ilhali yanayoamua kama ndege hiyo itaruka siku moja ni mengine: namna vipande vinavyoungwa, mafuta yanayotumiwa na injini, na nguvu inayobaki katika injini hiyo kwenye nchi ya mwinuko kama yetu. Nimezipanga seti nne, yaani vipande vya ndege ndogo vinavyouzwa na kiwanda ili mnunuzi aviunge mwenyewe, kwa kufuata mambo hayo, nikimfikiria mtu mwenye ajira yake ya kila siku na karakana ndogo Kajjansi au Jinja, ambaye hajawahi kufunga ribiti (pini ya kuungia mabati) hata moja.

Nianze na hewa, kwa sababu vitabu vya wauzaji hutaja takwimu za usawa wa bahari. Entebbe iko takriban mita 1,150 juu ya usawa huo, na adhuhuri joto linapofika nyuzi 28, hewa yake huwa nyepesi kama ile ya mita 1,900 hivi. Injini ya nguvu za farasi 100 isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hubaki na takriban 80, na mabawa nayo huhitaji mwendo mkubwa zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Kwa hiyo umbali wowote wa kurukia uliochapishwa na kiwanda usiuchukue kama ulivyo, na ukikusudia kwenda Kisoro, ambako ni juu zaidi, hesabu upya kabla hujalipa chochote.

Kuhusu mafuta, petroli ya ndege ni ya shida na ghali katika sehemu nyingi za nchi, na hiyo ndiyo sababu seti zote nne hapa zinakubali injini ya Rotax 912 kutoka Austria, ambayo imeruhusiwa kutumia petroli ya magari. Hata hivyo, toleo la 912 ULS lenye nguvu za farasi 100 linadai petroli ya oktani 95 (kipimo cha ubora wa petroli), wakati lile la nguvu 80 linatosheka na 90. Mtake msambazaji wako akuonyeshe cheti cha shehena; jina la kituo cha mafuta si ushahidi.

Nafasi ya kwanza naipa Zenith CH 750 STOL, inayotengenezwa Missouri, Marekani; STOL ni kuruka na kutua katika umbali mfupi. Ni ya mabati ya alumini yanayoungwa kwa ribiti za kuvuta, ambazo mtu mmoja huzifunga akiwa upande mmoja tu wa bati, bila mwenzake kushikilia chuma upande wa pili. Alumini yake, ya aina iitwayo 6061, hustahimili kutu vizuri, jambo la maana karibu na Ziwa Viktoria. Kiwanda kinadai kwamba huinuka baada ya mita 30 hivi katika usawa wa bahari. Hata ukiongeza maradufu kwa ajili ya mwinuko na nyasi, bado inafaa sana kwenye viwanja vyetu vifupi. Linalonivutia zaidi ni kwamba unaweza kununua usukani wa mkia peke yake na kuuunda nyumbani. Kipande hicho kimoja kitakuonyesha kama unaipenda kazi yenyewe au unaipenda ndoto yake tu, nawe utakuwa umelipa sehemu ndogo sana ya gharama. Udhaifu wake ni mwendo: kutoka Kampala hadi Arua tarajia saa mbili na nusu hivi, na zaidi upepo ukiwa usoni.

Ya pili ni Sling 2 ya Afrika Kusini. Nayo hutumia ribiti za kuvuta kwa sehemu kubwa, huenda kasi kuliko Zenith, na kiwanda chake kiko barani mwetu, karibu na Johannesburg, kiasi kwamba unaweza kusafiri ukaone vipande vikikatwa na kuuliza maswali uso kwa uso. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4, dada yake mkubwa, kwa muda wa wiki tatu, ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo. Walikuwa wengi na walikuwa na mafundi wa kuwaongoza. Wewe peke yako jioni na wikendi utahitaji miaka.

RV-12iS ya Van's Aircraft, Oregon, naiweka ya tatu, ingawa maelekezo yake ya kazi yanasifiwa sana miongoni mwa waundaji. Desemba 2023 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na wateja waliokuwa wametanguliza amana wakatakiwa kukubali bei mpya ili wapate seti zao. Ilitoka katika hali hiyo mwaka 2024 na inaendelea kuuza. Lipa kwa awamu, mkia kwanza, kisha mabawa, na usitangulize fedha za sehemu usiyo tayari kuiunda.

Ya nne, Kitfox ya Idaho, ina mabawa yanayokunjwa, hivyo unaweza kuihifadhi nyumbani na kuepuka kodi ya banda la uwanjani. Ngozi yake ni kitambaa, na jua la ikweta hukidhoofisha kitambaa kilichopakwa rangi vibaya.

Seti za faiba, yaani nyuzi za kioo au kaboni zilizogandishwa kwa gundi, sizipendekezi kwa anayeanza, kwa kuwa gundi zake hutaka joto na unyevu unaodhibitiwa.

Katika bajeti, kumbuka kwamba seti ya mwili haina injini, propela, vyombo vya rubani wala rangi, na vitu hivyo kwa pamoja mara nyingi huzidi bei ya seti yenyewe. Ongeza kontena hadi Mombasa, barabara ya Malaba na ushuru. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wana mikono hodari na watakutengenezea meza na vishikizo vya kazi, lakini boliti ya ndege isibadilishwe kwa boliti ya gari kutoka soko la vipuri la Kisekka, hata zikifanana kwa macho.

Kabla ya malipo ya kwanza, iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, ukitaja aina ya seti na injini, upate kwa maandishi masharti ya kusajiliwa kwa alama ya 5X, ya ndege za Uganda, na ya kuruhusiwa kuruka. Kanuni ya Marekani inayodai mwenyewe afanye zaidi ya nusu ya kazi ni ya Marekani, usiichukulie kuwa ndiyo ya hapa. Uliza pia ni nani atakayekagua na katika hatua zipi, maana bawa likishafungwa, kumwonyesha mkaguzi yaliyomo ndani ni kung'oa ribiti ulizozifunga.