Bustani ya wanyama ya Washington: ilinichukua safari tatu kuifaidi

Mara ya kwanza nilikosea kila kinachoweza kukosewa. Ilikuwa Julai 2024, mama amekuja kututembelea Silver Spring, kitongoji cha Washington, kutoka Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wanangu walikuwa wameshamwahidi bibi yao kwamba watamwonyesha panda. Bustani ya Taifa ya Wanyama iko Washington, kwa treni si mbali, na kuingia ni bure. Nikaona hapo hakuna la kupanga zaidi ya kuchukua tiketi za bure mtandaoni. Unaamka, unakunywa chai, unaondoka.

Stesheni tukaikuta imefungwa. Nilijua kuna ujenzi, ila nilidhani ni wa wikiendi tu. Kumbe Silver Spring, Forest Glen, Wheaton na Glenmont zilifungwa zote kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kupisha kazi za reli mpya ya Purple Line inayopita pale Silver Spring. Matangazo yalikuwepo, makubwa tu, mimi ndiye nisiyesoma. Tukapanda basi la kutupeleka stesheni inayofanya kazi, tukangoja treni, tukafika getini saa tano na nusu, jua likiwa utosini. Joto la Washington mwezi Julai ni lile la Dar mwezi Februari, ila huku hakuna upepo wa bahari wa kukuonea huruma.

Na panda hawakuwepo. Mei Xiang, Tian Tian na mtoto wao Xiao Qi Ji walirudishwa China Novemba 2023, na boma lao lilikuwa kwenye ukarabati kusubiri wageni wapya. Binti yangu alisimama akiukodolea macho uzio wa mafundi kama vile panda angechungulia. Simba tulimpata, lakini amejilaza kivulini, kageukia kwingine, hata sikio hachezeshi. Mama akamwangalia, akaniangalia mimi. "Mwanangu, nimepanda ndege mbili kuja kuangalia simba amelala? Wa kulala tunao."

Halafu kuna kilima. Hili ningependa mtu angeniambia mapema. Ukiingia kwa lango la Connecticut Avenue, bustani yote inashuka kuelekea bonde la Rock Creek. Unashuka umechangamka, watoto wanakimbia mbele, na kila hatua unayoshuka utailipa wakati wa kurudi. Nilipandisha kigari cha mtoto mchana ule nikitweta, mama yangu mwenye miaka sitini na nane yuko mbele na mkoba wake, ananisubiri. Mtu wa Marangu kwa mlima humwezi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba sitakanyaga tena pale. Aliyenibadilisha mawazo ni mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa mji ule, aliyesema kwa mshangao kabisa: nani anakwenda kule Julai? Nenda kwenye baridi, akasema, na uwe pale wanapofungua.

Basi Februari 2025, siku shule zimefungwa, tukawa getini saa mbili asubuhi kamili. Theluji ilikuwa bado imelala pembezoni mwa njia. Niliwavika watoto nguo mpaka wakawa wanatembea kama bata. Na panda walikuwepo, wapya: Bao Li na Qing Bao, ambao walianza kuonyeshwa kwa watu tarehe 24 Januari mwaka ule. Bao Li ni mjukuu wa wale wazee walioondoka. Mama yake, Bao Bao, alizaliwa hapohapo mwaka 2013, akapelekwa China, na sasa mtoto wake amekuja kurithi boma la babu. Tulimkuta nje, ameketi kitako kwenye baridi kama mzee kijiweni, anamenya mianzi. Panda hawalali usingizi wa majira ya baridi kama dubu wengine, kwa sababu mianzi haina shibe ya kujiwekea mafuta, hivyo wanakula sehemu kubwa ya siku mwaka mzima. Baridi kwao ndiyo starehe. Joto ndilo linalowakimbiza ndani. Yaani ule mwezi ambao sisi tunajazana kuwaangalia ndio mwezi wao mbaya.

Lakini sikuja kuandika habari za panda. Vidole vilipoanza kuuma tukakimbilia jengo la ndege. Ni jengo la mwaka 1928, lilifungwa miaka kama sita kwa ukarabati, likafunguliwa tena Machi 2023, na safari ile ya Julai tulilipita tu maana watoto walikuwa wanalia. Ndani lina kumbi ambamo ndege wanaruka juu ya kichwa chako bila wavu kati yenu. Nilipofungua mlango wa ukumbi wa mwisho miwani ikafunga ukungu, sikuona kitu. Nikaifuta kwa skafu, nikavaa, na mbele yangu ilikuwa mibuni.

Kahawa, katikati ya Februari, mjini Washington, nje theluji! Maelezo yao ni kwamba ndege wengi wanaotaga Amerika ya Kaskazini hukimbilia Amerika ya Kati na Kusini wakati wa baridi, na huko wanapata hifadhi kwenye mashamba ya kahawa yaliyoachiwa miti ya kivuli. Watafiti wa Smithsonian, taasisi yenye bustani hii, walianzisha hata alama ya kuitambulisha kahawa ya aina hiyo. Mimi nilikuwa nasoma kile kibao nikijisemea: si kihamba hiki, lile shamba letu la nyumbani kule Marangu? Migomba na mringaringa juu, kahawa chini, ndege wakipiga kelele. Babu yangu hakungoja mtafiti. Nikampigia mama kwa video, nikamzungushia simu ukumbi mzima. Hakuwatazama ndege hata mmoja. "Mibuni imerefuka hivyo," akasema, "nani anaipogoa?"

Tulikaa mle karibu saa nzima na hakuna aliyetuhimiza kutoka. Jengo la wanyama wadogo nalo lina joto zuri, na humo wamo wale panya-fuko wasio na manyoya wa Kenya, Somalia na Ethiopia, wanaoishi chini ya ardhi na malkia wao kama nyuki. Wanangu waliwaona wabaya kupita kiasi na walikataa kuondoka.

Baridi ina hasara zake, nisidanganye. Bustani hufungwa saa kumi jioni badala ya saa kumi na mbili, na saa moja kabla ya hapo hawaruhusu mtu kuingia. Sehemu za chakula nyingi tulizikuta zimefungwa. Beba chupa ya chai na vitafunwa vyako. Na orangutani, wale jamaa wa sokwe wenye manyoya mekundu, hawatoki. Wao wana kamba za chuma zilizonyoshwa kati ya minara, juu ya njia ya watu, tangu katikati ya miaka ya 1990, na wanavuka wanapojisikia, pakiwa na joto la kutosha. Kwa hilo tulirudi Jumatatu ya Pasaka, Aprili, na tulimwona mmoja akivuka taratibu bila haraka ya mtu, umati wote chini umenyamaza. Ila ujue siku hiyo panajaa sana: familia za Wamarekani weusi wa mji huu zimekuwa zikija hapa kila Jumatatu ya Pasaka kwa zaidi ya miaka mia, na vikapu vya chakula na nguo za sikukuu. Nilijisikia kama niko ufukweni Coco, Dar, siku ya sikukuu, kwa hiyo sikulalamika.

Siku hizi nafungua tovuti yao jioni ya kuamkia safari, naangalia kilichofungwa, kisha naangalia ya treni. Oktoba 2025 tabia hiyo iliniokoa: serikali ya Marekani ilikosa bajeti, bustani ikafunga milango, nami nikaisoma habari hiyo nikiwa bado na kanga kiunoni.

Kama unakwenda kwa treni, jina la stesheni ya Woodley Park lina neno la bustani ndani yake na linamvuta kila mgeni kushuka hapo, halafu anapanda mlima kabla hata hajafika getini. Shuka Cleveland Park, njia yake ni tambarare. Ile ya Woodley Park itumie kurudia, maana sasa unateremka. Gari liache nyumbani. Maegesho tuliyakuta ni dola 30, na hiyo ndiyo gharama pekee kubwa mahali hapa.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya kilima. Mama anakuja tena Januari, na koti nimeshamnunulia. Ameniambia nisisahau kuulizia ile mibuni.