Tanuri la maabara la kugeuza mkaa wa mwamba kuwa gesi: joto safi, vumbi tele

Nasomea uhandisi kemia hapa Tallinn. Kazi yangu ni mkaa unaobaki baada ya mwamba wa mafuta wa Estonia kupashwa moto bila hewa, kama nyuzi 500, mafuta yakatoka. Kule Kohtla-Järve na Kiviõli umerundikwa mpaka ukawa vilima. Kaboni ndani yake ni kidogo, sehemu kubwa ni majivu na chokaa, kwa hiyo nilitaka tanuri linalopulizwa kutoka chini hadi chembe zielee, nasi tukanunua hili. Teknolojia si ngeni: Fritz Winkler aliipatia hataza Ujerumani mwaka 1922, akianzia na makaa ya mawe.

Upande wa joto, sina neno. Unafungua naitrojeni taratibu, mchanga uliomo tanurini umetulia tuli, mara unaanza kutokota kama uji na mshale wa shinikizo unachezacheza. Hapo vipimajoto vya juu na chini vinasoma karibu sawa, jambo ambalo tanuri letu la zamani la bomba halikuwahi kutupa. Mvuke wa maji kwenye nyuzi 850 ulinipa haidrojeni na monoksidi ya kaboni upesi kuliko kaboni dioksidi ilivyofanya. Ila kumbuka, joto hilo linavunja na chokaa, nayo inatoa kaboni dioksidi yake. Usipoipima kando, hesabu zako zote zinaharibika.

Shida ni vumbi. Mkaa huu unasagika ukizungushwa, na saikloni iliyokuja na tanuri, yaani chombo kinachozungusha gesi ili vumbi lidondoke, ni ndogo mno. Kila nikifungua chujio nakuta unga wa kijivu, na ukiupima bado una kaboni, yaani imetoroka kabla ya kugeuka gesi. Matundu ya sahani ya kugawia hewa nayo yanaziba, na huwezi kuyazibua mpaka tanuri lipoe, siku imekwenda. Muuzaji anasema saikloni ya pili inauzwa peke yake. Kwa bei tuliyolipa, ilistahili kuwemo.

Halafu kipimahewa cha monoksidi ya kaboni hakimo kwenye sanduku. Gesi hiyo haina harufu na inaua. Tafadhali, kinunue na ukifunge ukutani kabla hujawasha chochote.

Kwa makaa magumu, lichukue lilivyo. Kwa mkaa wa mwamba, au pumba za mpunga, usilipe kabla saikloni ya pili haijaandikwa kwenye ankara.