Krimu ya kahawa ya vikopo vidogo kwenye lori: uzoefu wangu wa miaka miwili

Najua mtu atasema huyu kakosa kazi, anaandika gazeti zima kuhusu kitu cha senti kumi. Subiri kwanza. Mimi naendesha semi, lori la trela, hapa Marekani, makazi yangu Columbus, Ohio, na njia yangu kubwa ni barabara kuu ya I-70, natoka nayo nyumbani mpaka Denver, wiki nyingine napitiliza milimani mpaka Utah ndo nageuza. Sheria inakupa masaa 11 ya kuendesha ukishapumzika 10, kwa hiyo siku inaanza saa kumi alfajiri ukiwa kwenye maegesho ya trakstopu na baridi lake, na bila kahawa mimi siwashi gari. Ni mtu wa Bukoba, kahawa nimekua nayo, zile za kutafuna nilikuwa nazo mfukoni nikienda shule. Kwenye lori natembea na kopo la Africafe, nikienda nyumbani narudi nayo, maji nachemshia kibirika cha kuchomeka kwenye inveta. Ila kahawa tupu alfajiri hiyo siiwezi, lazima iwe nyeupe kidogo.

Sasa maziwa ya ng'ombe tumbo langu liliyakataa zamani, sio mzio, ni laktosi tu, ile sukari ya kwenye maziwa, na tuko wengi sana Waafrika wenye shida hii ila tunaona aibu kuisema. Nyumbani unaweza kuvumilia. Kwenye lori ukishashika barabara na choo kinachofuata kiko maili arobaini mbele, hapo ndo utaelewa kwa nini nimeandika yote haya.

Ndo nikatafuta krimu ya kutia kwenye kahawa badala ya maziwa, nikaanza na ya chupa kubwa, ile ya kuweka kwenye friji. Ladha safi sina ubishi, shida ni friji yenyewe, hii ya kwenye lori ni ndogo na ina maji, mboga, chapati za shemeji yenu, na siku nikipeleka gari gereji wakazima umeme nakuta kila kitu kimechemka. Chupa ukishaifungua ina siku zake, na mimi navyokunywa haiishi kwa wakati. Nimemwaga nusu chupa si chini ya mara tano. Nikahamia ya unga, ile ya vipakiti vya gramu 3. Unga hauozi, haugandi kwa baridi, haumwagiki ovyo, kwa hayo nausifu. Lakini unataka maji yanayochemka kwelikweli, na kibirika changu kikichoka maji yanakuwa ya uvuguvugu basi unga unaelea juu vidonge vidonge unakunywa huku unatafuna. Na kiangazi ukiacha pakiti zimefunguka kwenye droo inakuwa jiwe. Sikuweza.

Ndo nikafika kwenye vikopo. Mnavijua, vile vinavyowekwa bure pembeni ya mashine ya kahawa hotelini, kikopo kidogo cha plastiki na kifuniko cha karatasi ya kung'aa unakibandua. Havitaki friji kabisa mpaka unavifungua, na ukifungua kimoja umekimaliza hapohapo, hamna cha kubaki. Hiyo tu kwa mtu wa barabarani ni asilimia tisini ya mjadala.

Nilivyotumia zaidi ni vya Coffee-mate na vya International Delight, maana ndo vinavyopatikana kila mahali. Coffee-mate ni ya zamani, imeanza kuuzwa 1961 ikiwa ya unga, sasa hivi ni ya Nestlé. Kikopo chao cha krimu ya majimaji kina mililita 11, cha International Delight kina 13, unaona kama tofauti ya bure lakini vyote havifiki kijiko kimoja cha mezani ambacho ni 15. Kwa hiyo usidanganyike na hesabu ya "kikopo kimoja kikombe kimoja", hiyo ni kwa vikombe vya hotelini. Kikombe cha dereva kinataka viwili, na kama umekoroga Africafe nzito kama yangu, vitatu.

Ladha sasa. Mwanzo nilikuwa nachukua za vanila na hazelnati, nikajiona nimeendelea. Kila kikopo cha hizo za ladha kina kalori kama 25 mpaka 30 na sukari gramu 4 au 5 hivi. Ukisoma hivyo unaona kidogo. Haya piga hesabu na mimi, viwili kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vikopo vinane, sukari gramu thelathini na kitu mpaka arobaini, na hapo hujala donati ya mtu yeyote. Sisi madereva tuna kile cheti cha afya, muda wake mrefu kabisa ni miaka miwili, na siku ya kupima wanakuchukua mkojo na sukari ni moja ya vitu wanavyoangalia humo. Mwaka jana nilipoenda daktari akaniangalia akaniambia nipunguze vitu vitamu, hakunikatalia cheti ila nilitoka pale nimenyooka. Toka siku hiyo nikahamia Original, ile isiyo na ladha ya kitu. Kikopo kina kama kalori 10 hivi. Wiki ya kwanza nilinuna kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, wiki ya tatu nikagundua nilikuwa sijaonja kahawa ya Bukoba muda mrefu, nilikuwa nakunywa vanila yenye rangi ya kahawa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo sehemu iliyonitia jasho. Lebo inasema wazi kwamba sio ya maziwa. Nikaamini. Kuna kipindi tulikuwa tunaendesha wawili, mwenzangu kaka mmoja wa Lubumbashi, yeye ana mzio wa maziwa wa kweli, sio tumbo kama mimi, yeye anavimba midomo. Akaniuliza hivi vina maziwa, nikamjibu kwa kujiamini kabisa hamna bwana, soma hapo mbele. Akaweka viwili. Kabla hatujatoka pale akaanza kujikuna shingo na midomo ikawa minene, bahati alikuwa na dawa zake na haikwenda mbali, ila mimi nilikufa kwa hofu na aibu. Tukageuza boksi tukasoma nyuma, maandishi ya sisimizi, imeandikwa kaseini, na mbele yake kwenye mabano wameeleza imetokana na maziwa. Kumbe kisheria hapa Marekani ndo hivyo, wanaruhusiwa kuandika mbele kwamba si ya maziwa lakini kaseini ikiwemo lazima waeleze inatoka wapi. Kaseini ni protini ya maziwa, inasaidia kushikanisha mafuta na maji na kuifanya kahawa iwe nyeupe. Laktosi karibu haimo kabisa, ndo maana tumbo langu linatulia. Mzio wa maziwa ni wa protini, na protini ndo hiyo. Vitu viwili tofauti na mimi nilikuwa navichanganya.

Njia ya haraka niliyoshika tangu siku hiyo: geuza, tafuta maandishi meusi chini ya orodha ya viungo yanayosema ina maziwa. Na ukiona ile alama ya kosher, ya vyakula vinavyofuata sheria za Wayahudi, herufi ndani ya duara, halafu pembeni kuna D, jua kuna kitu cha maziwa humo hata mbele waandike nini. Wenzetu wanaofunga vitu vya wanyama pia liwahusu. Kama huna mzio na shida yako ni kama yangu, kunywa tu.

Mafuta yaliyomo ni ya mimea, nyingine nazi, nyingine soya, nyingine mawese, inategemea kampuni na aina. Watu wanaogopa yale mafuta mabaya yaliyogandishwa kwa haidrojeni, hayo mamlaka ya chakula ya hapa iliamua 2015 kuyaondoa na viwanda vikapewa mpaka 2018, kwa hiyo boksi la sasa sio lile la zamani. Kitu kingine ambacho sijaona watu wanasema, kwenye viungo kuna fosfati, inazuia krimu isikatike ikikutana na kahawa chungu ya moto. Sisi wazima haina neno, ila kama una mgonjwa wa figo nyumbani aliyeambiwa apunguze fosfati aulize kwanza kwa daktari wake, kwa sababu hivi vikopo mtu anaviona vidogo anamimina tu.

Haya, milimani. Hii inachekesha ila shati langu halikucheka. Vikopo vinafungwa kiwandani na hewa kidogo ndani, sasa ukiwa Ohio au Kansas ya mashariki vimetulia. Ukifika Denver, mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, vinaanza kuvimba kifuniko. Ukipanda I-70 mpaka handaki la Eisenhower uko mita 3,400, yaani umeshaipita kambi ya Mandara ya Kilimanjaro unaitafuta kambi ya Horombo, hewa ya nje imepungua na ya ndani ya kikopo inataka kutoka, kifuniko kimekuwa kama tumbo la chura. Mara ya kwanza nilibandua kama kawaida, krimu ikaruka mpaka kwenye kioo cha mbele na nyingine ikaniingia jichoni. Nilikuwa nimeegesha jamani, msiniulize. Sasa hivi nafanya hivi, nakishika kwa ukingo wa juu sio tumboni maana ukiliminya umelisaidia, nakifunika na tishu, nakigeuzia upande wa mlango, nainua pembe moja polepole kikapumua kwanza fuuu, ndo namalizia. Haijaruka tena.

Baridi nayo. Januari niliacha boksi zima kwenye sanduku la nje la lori, Wyoming, asubuhi nakuta mawe meupe. Nikayaweka ndani yayeyuke, yakayeyuka kweli lakini ndani yamegawanyika, maji huku, mabonge huku, ukitia kwenye kahawa yanaelea kama mtindi uliokatika. Nilitupa vyote. Tangu hapo vinakaa ndani ya kebini kwenye droo ya chini ya kitanda, kiangazi vilevile sivianiki kwenye dashibodi.

Bei sio kubwa, mimi nalipa kati ya senti 8 na 12 kwa kimoja kutegemea boksi. La 180 ndo rahisi kwa hesabu na ndo nililonunua mara ya pili kwa tamaa, nimeagiza kwa duka moja la mtandaoni, limefika muda wake umekaribia kuisha, na mimi nikiwa nyumbani siku mbili kwa wiki sikuweza kulimaliza. Vikopo kama themanini nikawagawia vijana wa ghalani. Sasa nachukua boksi la 50 na nalinunua dukani nikiwa nalishika mkononi, nasoma tarehe kabla ya kulipa. Takataka zake kweli ni nyingi, kopo la taka la kwenye lori linajaa viplastiki, na hivyo vidogo sehemu nyingi hawavipokei kwenye kurejeleza. Hilo linanikera na sina jibu lake.

Kuna aliyeniuliza krimu za shayiri (oti) na lozi ambazo kweli hazina kitu cha ng'ombe. Nimezinywa za boksi, shayiri ni nzuri mno, ila ukishafungua inataka friji, tumerudi palepale. Kwa yule kaka wa Lubumbashi ndo anazotumia, anabeba boksi dogo analimaliza kwa siku mbili.

Mwisho nilibeba vikopo ishirini vya Original nikampelekea mama Bukoba, nikamwambia mama haya ndo maziwa ninayonywea kahawa huko. Bukoba nako ni juu, mita elfu moja na mia na kitu, vilikuwa vimevimba kidogo, nikamfungulia mwenyewe asije akarukiwa. Akaonja bila kahawa, akakaa kimya, akauliza ni ya ng'ombe gani. Nikamwambia mama hamna ng'ombe humo, ni maji na mafuta. Akaniangalia muda mrefu, akaenda jikoni akarudi na kikombe cha kahawa tupu akaniwekea mbele yangu, vikopo akampa mtoto wa jirani achezee.