Kiredio cha Biblia ya sauti kwa mgonjwa: nunua, ila futa mahubiri

Kama unamuuguza mzazi na unafikiria kumnunulia kile kiredio kidogo cha memori kadi chenye Biblia ya sauti, soma kwanza haya. Mimi nilimnunulia mama Kariakoo kwa shilingi 25,000, wiki aliyoanza mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Mama ni Mlutheri wa Njombe, Biblia amesoma tangu usichana wake. Lakini mionzi ilipoanza kumchosha, hata miwani ilimshinda, na kitabu kile kizito hakishikiki ukiwa umelala chali.

Chombo chenyewe kinaenea kiganjani. Kina tochi, FM na tundu la spika za masikioni. Betri yake ni BL-5C, ile ile ya Nokia za zamani, kwa hiyo ikichoka unapata nyingine duka lolote la simu, na kwa sisi wa mikoani hilo ndilo la kuangalia kwanza. Vitufe vimeinuka, mama alivizoea kwa kupapasa gizani. Sauti ukiipandisha inakwaruza. Spika za masikioni zilizokuja nacho zilikufa upande mmoja mapema sana, tukanunua nyingine. Mama wa kitanda cha jirani, Mwislamu wa Tanga, alikuwa na cha namna hiyo hiyo chenye Qurani, na ndiye aliyemwelekeza mama kubonyeza namba ili aruke moja kwa moja hadi anapotaka.

Hapo ndipo kasoro ilipojitokeza. Aliyejaza kadi hakutanguliza sifuri kwenye namba za faili, basi Zaburi zinakwenda ya 1, ya 10, ya 100, ya 101. Ukibonyeza 23 unaletewa iliyo ya ishirini na tatu kwenye foleni hiyo, yaani Zaburi ya 119, yenye aya 176! Nilitaka kuzipanga upya kwenye kompyuta, mama akakataa. Kwa mpangilio ule, Zaburi ya 13, ile inayouliza "hata lini", inafuatiwa na ya 130, ya anayelia toka vilindini. Alizisikiliza pamoja usiku hadi usiku, wakati ambao madaktari nao walikuwa wakituambia tumalize mionzi kwanza, ndipo tujue. Asubuhi moja, namsaidia kufunga kitenge, akaniambia, "Mwanangu, huyu naye alikuwa hajui itakuwaje. Hajui, na bado anamwita Bwana."

Kwa neno hilo tu, ile 25,000 naiona ndogo. Niliiogopa Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, nikawa namwambia airuke. Hakuiruka. Mtu anayesubiri majibu anazungukwa na shuhuda za waliokwisha pona, na ni nzuri, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mama alihitaji pia sauti ya mtu aliyeshikamana na Mungu kabla jibu halijaja, na humo alimpata.

Sasa onyo. Muuzaji alituongezea bure folda ya mahubiri ya uponyaji. Mhubiri mmoja humo anasema anayeendelea na matibabu baada ya kuombewa hajaamini bado. Mama alilisikia hilo usiku, peke yake, na kulipokucha akaniuliza kama kupanda kwenye mashine ni kumkosea Mungu. Nilitetemeka kwa hasira. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, na kuikatiza katikati kunapunguza nguvu ya tiba. Neno kama lile linaweza kuondoka na uhai wa mtu. Nikamfungulia 2 Wafalme 20: Hezekia aliugua akaelekea kufa, akaomba, Mungu akamjibu kwamba atamponya, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kanga yake, tukaenda kwenye mionzi. Folda ile niliifuta siku hiyo hiyo.

Mionzi imekwisha, tunasubiri kliniki ya miezi mitatu. Kiredio kinaanza kazi alfajiri kabla hata moto haujawashwa, na shangazi sasa naye anakitaka cha kwake. Ukienda kununua, mwambie muuzaji akiwashe mbele yako na usikilize Zaburi moja ndefu mpaka mwisho, maana kadi nyingine zinakatika katikati. Mwombe akuwekee Biblia peke yake. Akikuongezea chochote cha bure, kisikilize wewe kabla hujakipeleka kwa mgonjwa.