Darubini ya kwanza hapa Mombasa: nimetumia ya milimita 130 mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Majirani hapa Kisauni wameniuliza sana kuhusu ile darubini naiweka darini usiku, ni gani, inaona mpaka wapi, inapiga picha ama haipigi, basi leo naandika yote mara moja.

Nianze na ile ya kwanza manake ndo iliyonifunza. Niliinunua duka moja mjini, sitalitaja, boksi limeandikwa MARA 525 kwa herufi kubwa, yani inakuza mara 525, na picha ya Zohali inang'aa rangi zote. Elfu kumi na mbili. Kioo cha milimita 76, stendi ya miguu mitatu ya bati jembamba. Ile 525 kwa hesabu ni kweli, masafa ya fokasi, yani umbali toka kwenye kioo mpaka mwanga unapokutana, ni milimita 700, ukigawa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4 unapata mara 175, ukiongeza lenzi ya Barlow ya mara 3, ile ya kuzidisha ukuzaji, inatoka 525 kamili. Lakini kioo cha 76 hakibebi zaidi ya mara 150 hivi, kanuni ni mara mbili kwa kila milimita ya upana wa kioo, tena hewa iwe imetulia, ukipita hapo unakuza giza na ukungu tu. Na ile stendi wallahi, ukigusa fokasi tu picha inacheza, mtu akipita karibu picha inacheza. Mwanangu ana miaka tisa, alichungulia usiku wa kwanza akaniambia, baba mbona sioni kitu, na iliniuma kwa sababu mimi ndo niliyemwahidi pete za Zohali.

Baada ya hapo nikakaa nikasoma miezi kadhaa kabla sijatoa shilingi nyingine. Nikachukua Sky-Watcher Heritage 130P, shemeji alikuwa anarudi kutoka Dubai akanibebea, ilinigharimu karibu mara tatu ya ile ya mwanzo. Kioo milimita 130, masafa ya fokasi 650, inakuja na lenzi mbili za jicho, ya 25 na ya 10, yani mara 26 na mara 65. Mtu akisikia mara 65 anaona nimeibiwa, ile ya dukani si ilikuwa 525! Lakini upana ndo unakusanya mwanga, na 130 inakusanya karibu mara tatu ya 76. Usiku wa kwanza nikaielekeza Mshtarii, miezi yake minne imejipanga mstari mmoja, ile ile Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona Januari 1610, na kesho yake tukaangalia tena imeshabadilisha nafasi. Zohali kwa mara 65 ni kadogo lakini pete unaiona imejitenga na sayari yenyewe. Mwanangu hakutoka pale mpaka mamake akaja kumchukua.

Inakaa mezani, haina miguu. Kisahani cha mbao kinazunguka kushoto kulia, na mkono mmoja unapanda na kushuka, basi. Mtindo huu aliueneza John Dobson kule San Francisco, akiweka darubini njiani ili kila mpita njia achungulie. Meza ya plastiki usijaribu, inayumba, mimi nilimwendea fundi seremala akanitengenezea stuli nzito ya miguu mitatu na sasa hata upepo wa kusi ukivuma kidogo haitikisiki. Bomba lake limekatika katikati, linavutwa na kurudishwa, na darubini yoyote ya bomba wazi inaingiza mwanga wa pembeni, na sisi hapa mataa ya jirani ni mengi, nikazungushia karatasi gumu jeusi pale kwenye uwazi na weusi wa anga ukaongezeka kweli kweli.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, manake ushauri mwingi unaosomwa umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Watakwambia ukitaka kupiga picha nunua stendi ya ikweta, ile yenye uzito wa kusawazisha, unaielekeza Nyota ya Kaskazini kisha inafuata nyota zinavyotembea. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo, huioni. Ncha ya kusini ya anga, pale nyota za kusini zinapozunguka, iko juu kwa nyuzi 4 tu, pale ni minazi na nyumba za watu, na hakuna nyota ya kung'aa ya kukuonyesha ni wapi. Tena stendi nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kulala mpaka nyuzi 4, ukiilazimisha ule uzito unagonga mguu wa stendi. Jamaa yangu wa Likoni aliagiza yake kutoka nje, mpaka leo iko kwenye boksi. Kama ni ya kwanza, hapa kwetu, achana na stendi ya ikweta kabisa.

Lakini na sisi tuna yetu. Kutoka darini hapa naona Msalaba wa Kusini na naona Dubu Mkubwa wa kaskazini, wenzetu wa London hawajajaaliwa hayo. Mwezi wa tano na wa sita Omega Centauri, lile fungu kubwa la nyota, inapanda vizuri, kwa jicho ni kama nyota yenye ukungu, kwa mara 65 inakuwa vumbi la nyota, sijui nieleze vipi. Kilimia chote kinaingia ndani ya lenzi ya 25, na wazee walikuwa wanasoma majira kwa Kilimia, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Orioni nayo inapita karibu utosini kabisa, na hapo ndo shida ya hii stendi ya kuzunguka, ikitazama juu wima inakuwa ngumu kuigeuza, kwa hiyo iwahini mapema bado iko mashariki.

Picha. Semeni ukweli mnataka picha gani. Mwezi na sayari, simu inatosha, nunua kile kishikio cha kubana simu kwenye lenzi, gusa mwezi kwenye skrini, shusha mwangaza mpaka mashimo yaonekane, weka taima ya sekunde 3 ili mkono wako usiguse. Picha za mwezi nilizopata hivyo nimezichapisha ziko ukutani. Zile picha za mawingu ya gesi yenye rangi hii darubini haikupi, haifuati nyota, kwa mara 65 kitu kinavuka na kutoka ndani ya dakika tatu. Kama hizo ndo moyo wako unataka, weka pesa ununue zile za kisasa zinazojielekeza na kupiga zenyewe kama Seestar S50, ila ujue hapo unaangalia skrini ya simu, jicho lako halichungulii popote. Mimi nilitaka jicho.

Utunzaji sasa, na bahari haina huruma. Usiitoe chumba cha AC ukaipeleka nje moja kwa moja, kioo kinaloa umande papo hapo. Ihifadhi kwenye boksi linalofunga na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu, la sivyo lenzi zitaota kuvu. Kioo usikipanguse kwa leso, puliza vumbi tu kwa kile kipira cha kupulizia. Na saruji ya darini inatoa joto la mchana mpaka usiku, picha inachemka kama maji ya chai, ngoja saa nne ya usiku ipite.

Hewa nzuri ni kaskazi, Januari na Februari. Masika msijisumbue.

Mwandamo wa Ramadhani nilimpandisha mamangu. Tulingoja jua lizame lote kwanza, manake ule mwezi mchanga uko karibu nalo na jua kwenye darubini linapofua macho hakuna dawa. Akachungulia akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe upande wa giza nao unaonekana." Ulikuwa unaonekana kweli, kwa mwanga wa dunia yetu uliorudi kule.

Ijumaa baada ya isha, anga ikiwa safi, niko darini, anayefikiria kununua aje achungulie kwanza.