Tahadhari: tapeli wa karata za taroti anayekwambia "umefungwa"

Ndugu zangu, hasa dada zangu mlioko huku Uingereza, someni hii kabla hamjamjibu mtu yeyote anayewaandikia kwamba karata zake zimewaona. Mdogo wangu kapigwa pauni 1,340 ndani ya wiki tatu. Nimemwomba ruhusa niandike, akakubali kwa sharti nisimtaje. Akaunti iliyomtapeli imeshabadilisha jina mara mbili tangu tuanze kuifuatilia, kwa hiyo hata nikiwapa jina la leo, kesho halitakuwa na maana. Mjueni kwa anavyofanya kazi.

Ilianzia Instagram. Mdogo wangu alikuwa akimfuatilia msomaji mmoja wa taroti, zile karata za picha ambazo watu huzitumia kutabiria, mtu halali mwenye video nyingi na wafuasi wengi. Usiku mmoja akaandika maoni chini ya video, mstari mmoja tu, kwamba ujumbe ule umemgusa. Haikupita nusu saa akapata meseji kutoka akaunti yenye picha ileile na jina lilelile, ila mwishoni palikuwa na nukta moja ya ziada. Nukta ile hakuiona. Nami nisingeiona, saa tano usiku, nimelala na simu usoni.

Meseji ilikuwa ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa hii: "Sina kawaida ya kuwaandikia watu, lakini wazee wa ukoo wako wamenisukuma nikutafute." Kusomewa ni pauni 35. Akalipa. Akatumiwa picha ya karata tatu juu ya kitambaa cha zambarau: Shetani, Mnara, Kifo. Na maelezo: kuna mwanamke wa karibu yako, mnacheka naye, mnakula naye, ana kijicho nawe na amekufunga. Ndiyo maana mambo yako yanafika mlangoni yanarudi.

Kufungua kifungo kulihitaji mishumaa na "kazi" ya siku saba: pauni 280. Siku ya nane kifungo kikawa kimegundulika kuwa cha zamani kuliko ilivyodhaniwa: pauni 425. Mara ya tatu akaambiwa asitume tena benki, anunue vocha za dukani za pauni 600, akwangue namba na kuzipiga picha, na asimwambie mtu maana "nguvu itavuja". Alipoanza kusitasita, lugha ikabadilika. Akaambiwa akiacha kazi katikati, kilichofungwa kitamrukia mtoto wake. Hapo ndipo alipokuja kwangu analia, na nashukuru alikuja.

Pesa zinauma, lakini kuna kilichotuuma zaidi. Yule tapeli hamjui mtu yeyote wa kwetu. Alisema tu "mwanamke wa karibu". Mdogo wangu ndiye aliyemjazia sura. Alimfikiria wifi yetu, kwa sababu siku ya msiba wa mama wifi aliondoka mapema, na kwa sababu mwaka uliopita alisema neno kuhusu gari. Basi akaacha kupokea simu zake. Miezi minne! Wifi anapiga, haipokelewi. Anatuma salamu za Idi, hazijibiwi. Anauliza kwa watu amekosa nini. Sisi tuliolelewa Tanga tunalijua neno hasidi tangu utotoni. Tumeona ramli zikipigwa, tumesikia nani alitajwa kwenye ramli ya nani, na tunajua nyumba zilizogawanyika kwa ajili hiyo. Tapeli hakuhitaji kuyajua yote hayo. Mahali pa kumpachika hasidi palikuwa tayari vichwani mwetu, yeye akachomeka maneno mawili.

"Lakini alijua nimefiwa," mdogo wangu aliniambia. "Alijua nimepoteza kazi." Tukakaa wawili tukapitia ukurasa wake. Picha ya mama ipo, na tarehe ya arobaini ipo. Chapisho la "natafuta kazi, ndugu zangu" lipo. Kila alichokijua tapeli kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye dakika tano. Yaliyobaki yalikuwa maneno yanayomwenea kila mtu: unatoa zaidi ya unavyopokea, unaonekana una nguvu lakini usiku unawaza sana. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Wakatakiwa kuyapima usahihi kwa alama 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.26. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa darasa zima, na sehemu kubwa Forer aliyachukua kwenye kitabu cha unajimu. Nilipomsomea mdogo wangu habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akaomba nimsomee tena.

Sasa nizungumzie karata zenyewe, kwa sababu utapeli huu unalishwa na mambo ambayo watu wengi wanayaamini kuhusu taroti na si kweli.

Mimi ninazo. Nilizinunua mwenyewe dukani, peupe, kwenye rafu karibu na vitabu. Yale maneno kwamba lazima upewe na mtu, ukijinunulia zinakugeukia, hayana msingi wowote. Taroti ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo wa karata, watu wakikaa mezani wakicheza kama tunavyocheza sisi arubastini. Watawala wa Milano waliagiza seti zilizochorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu, na baadhi ya karata hizo zipo hadi leo. Ufaransa na Austria bado watu wanaucheza. Habari za "siri za makuhani wa Misri" zilikuja baadaye sana. Mfaransa Antoine Court de Gébelin ndiye aliyeziandika mwaka 1781, wakati hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Msomi Mfaransa, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822, na hakuna taroti iliyotoka humo. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ni kubwa kwa sababu karata zake zina nguvu za Mafarao, ujue anakuuzia hadithi.

Na zile tatu za kwenye picha? Tapeli hakuzichanganya akazikuta. Alizichagua kwa sura zake. Seti aliyotumia ndiyo inayojulikana kuliko zote, iliyotolewa London mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, michoro ikiwa ya mkono wa mwanamke, Pamela Colman Smith. Chukueni karata ya Kifo, namba 13, muitazame vizuri. Kuna mifupa juu ya farasi mweupe na mfalme ameanguka, inatisha kweli. Lakini kwa nyuma, katikati ya minara miwili, kuna jua kwenye upeo. Wanaoitumia wanaisoma kama jambo lililofika mwisho: kazi, nyumba, mapenzi yaliyochoka. Hakuna msomaji wa maana anayeifanya tangazo la msiba. Karata ya Shetani nayo ina mwanamume na mwanamke waliofungwa minyororo shingoni, na Pamela alizichora pete za minyororo ile zikiwa zimelegea kiasi kwamba wangeweza kuzivua kwa mikono yao. Nilimwonyesha mdogo wangu hilo kwa kidole. Picha aliyotishwa nayo kwamba amefungwa na mtu mwingine, ndani yake waliofungwa wako huru kujivua.

Mtauliza mimi nazitumia vipi. Asubuhi za Jumapili, kabla watoto hawajaamka, natoa karata moja, naiangalia, naandika kwenye daftari kilichonijia. Mwaka juzi nilitoa ile ya mtu aliyebeba fimbo kumi, kainama, uso hauonekani. Niliandika kurasa tatu kuhusu zamu za usiku na mwili wangu, mambo niliyokuwa siyasemi hata kwa mume wangu. Wiki iliyofuata nikaomba kupunguziwa zamu. Karata haikujua kitu. Mimi ndiye niliyejua, nikapata pa kuanzia kusema. Kuna wanaofanya hivyo kwa methali, wengine kwa aya, wengine kwa kuongea na rafiki wa karibu. Na najua wapo watakaosema karata zote hizi ni ramli na dini inazikataza. Nawaheshimu, sibishani nao, na kwa tahadhari hii tuko upande mmoja.

Basi ndugu zangu, anayesoma taroti kwa uaminifu anakwambia bei yake mapema na bei inaishia hapo. Hakuandikii yeye kwanza. Hakuambii una ugonjwa gani, nani kakuroga, wala mume atarudi lini. Hana mishumaa ya kukuuzia siku ya nane. Akishataja kifungo na pesa kwenye sentensi moja, ondoka, hata kama aliyosema kabla ya hapo yote yalikuwa kweli.

Msidhani pia kwamba wanaonaswa ni wajinga. Marekani, kampuni mbili za Florida ziliwahi kutangaza kwenye televisheni kusomewa taroti bure kwa simu, sura ya tangazo ikiwa mwanamke aliyejiita Miss Cleo. Wapigaji walikuta wanatozwa hadi dola 4.99 kwa dakika. Mwaka 2002, baada ya kushtakiwa na serikali, kampuni hizo zilikubali kufuta madeni ya wateja ya dola milioni 500 na kulipa milioni 5 nyingine. Wangapi hao walionaswa! Mdogo wangu ana shahada, na anafanya hesabu kuliko mimi. Alinaswa kwa sababu alikuwa na majonzi na hakutaka kumsumbua mtu.

Kama umeshatuma pesa, usione haya, pigia benki leo. Hapa Uingereza namba 159 inakuunganisha na benki nyingi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kuwarudishia waliodanganywa wakatuma kwenye akaunti nyingine ya humu humu nchini, ingawa zinaweza kukata hadi pauni 100. Mdogo wangu alirudishiwa 640 kati ya 740 alizotuma benki. Zile 600 za vocha zimekwenda, na ndiyo sababu tapeli alimhamishia kwenye vocha. Kwa mlioko Kenya, meseji za utapeli zinazoingia kwenye laini ya Safaricom zinatumwa 333. Tanzania, namba ya tapeli inaripotiwa 15040.

Na msimzuie tapeli kwenye simu (kum-block) kabla hamjahifadhi kila kitu: meseji, jina la akaunti, risiti, picha ya karata. Ile picha ya mdogo wangu ina kitambaa cha zambarau, karata tatu nilizotaja, na mshumaa mweupe upande wa kushoto uliovunjika ncha. Nimeshakutana na dada mwingine hapa Leicester aliyetumiwa picha hiyohiyo, mshumaa huohuo, na yeye akaambiwa karata zilitolewa usiku ule kwa ajili yake. Kama nawe umetumiwa, niandikie.