Penn Senator ya zamani na vipuri vya kujitengenezea: uzoefu wangu

Rili ya kuvulia samaki (kifaa cha kuzungushia mshipi) ninayoizungumzia ni Penn Senator 114, ile ya saizi kubwa ya 6/0, na si mpya, ni ya zamani iliyokaa miaka bila mtu kuiangalia, chumvi imeganda kila kona, mkono wa kuzungushia haugeuki, dragi (breki inayozuia mshipi usitoke ovyo) imeshikana yote. Nimeifungua yote, vipuri kadhaa nimevitengeneza mwenyewe, vingine nimebadilisha kabisa, na nimeivulia vya kutosha kuweza kuisemea. Inafaa na inafaa sana, ila si kila kipuri cha kutengeneza nyumbani, na hapo ndo naona watu wengi wanaua rili nzuri.

Kwa nini Senator? Kampuni ya Penn ilianzishwa Philadelphia na Otto Henze mwaka 1932, na Senator ikaingia sokoni 1936, halafu mpango wake wa ndani ukabaki karibu ule ule kwa miongo mingi. Faida yake kwa fundi wa nyumbani ni kubwa mno. Vipuri vyao vina namba na namba ya kwanza inakwambia ni kitu gani, 5 ni gia kubwa, 6 ni washa za dragi (vipande vya duara vyenye tundu katikati), 15 ni mkono, 29 ni spuli (pale mshipi unapozungushiwa), halafu inafuata namba ya modeli, kwa hiyo ukiona 6-114 unajua moja kwa moja ni washa za dragi za 114. Ukijua hivyo hata kwenye lundo la vipuri vilivyotumika huchanganyikiwi, na unajua kipi ukitafute na kipi ukikate mwenyewe.

Kufungua ndo kazi inayohitaji subira kuliko zote. Skrubu zake nyingi ni brasi yenye kromu, laini, na bisibisi isiyojaa vizuri kwenye mfereji inakula kichwa mara moja ukabaki huna pa kushika. Mi nimechonga ncha ya bisibisi ya zamani kwa tupa mpaka ikakaa sawasawa bila kucheza, nikamwagia mafuta ya kupenya nikaacha usiku kucha, asubuhi nagonga kichwa cha skrubu taratibu kisha nageuza. Zilizogoma kabisa nimezipasha moto kidogo na soldering gani, lakini angalia, zile sahani za pembeni ni bakelaiti, joto likizidi zinapasuka na bakelaiti ikishapasuka haina dawa ya kudumu, gundi ya epoksi inasaidia tu pale pasipobeba uzito. Ile kutu ya kijani kwenye brasi siki inaitoa vizuri ukisugua na mswaki, alumini usiiache kwenye siki muda mrefu kwa sababu inaliwa. Na piga picha kila hatua, hasa pale kwenye dogi (kidude kinachozuia mkono usirudi nyuma) na springi yake, maana vikiruka vyote viwili kwa pamoja utakaa ukijiuliza kipi kilikaa upande gani.

Sasa tuje kwenye dragi maana ndo moyo wa rili. Kwa asiyeijua, ndani ya gia kubwa kuna shimo lenye washa zimepangwa moja juu ya nyingine, moja laini, moja ya chuma, moja laini, moja ya chuma. Baadhi ya zile za chuma zimeshikana na gia, nyingine zimeshikana na slivu, ile bomba fupi ya katikati inayobeba mkono. Samaki akivuta mshipi, spuli inazunguka na gia inazunguka nayo lakini slivu inabaki imesimama, kwa hiyo washa zinasuguana na huo msuguano ndo unamchosha samaki. Nyota, yaani gurudumu lenye ncha unalolikaza pale kwenye mkono, inazibana tu. Kwa hiyo washa zikiwa mbaya rili nzima ni mbaya, hata kama kromu inang'aa namna gani.

Zile laini za zamani zilikuwa za aina ya lini za breki (nyenzo ya msuguano kama ya breki za gari) au ngozi. Zile zinazofanana na lini za breki usizipige msasa mkavu, za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na asbesto, zitoe, zifunge kwenye mfuko, basi. Mi nilijaribu aina mbili za kutengeneza mwenyewe. Ya kwanza ngozi, nimekata kutoka kwenye mkanda wa ngozi halisi, nikailoweka mafuta ya ngozi mpaka ikashiba, nikaibana katikati ya vyuma viwili ikakaa usiku mzima ili unene uwe sawa. Kiukweli ngozi ni tamu, dragi inaanza bila kushtuka, mshipi unatoka laini mno na kwa samaki wa wastani sina lalamiko hata moja. Tatizo lake ni joto. Samaki mwenye mbio ndefu akiondoka, ngozi inapata moto, mafuta yanatoka na ule ulaini wote unapotea katikati ya vita, dragi inaanza kushika na kuachia.

Ya pili kaboni faiba na hii ndo imebaki ndani mpaka leo. Nilinunua karatasi yake nyembamba, nikapima washa ya zamani na kalipa, nje, ndani na unene, nikakata vipande vya mraba vikubwa kidogo, nikatoboa katikati, nikavipanga kwenye boliti na kuvibana kati ya washa mbili nene za chuma za kipimo ninachotaka, boliti nikaifunga kwenye drili, drili inazunguka, mi napitisha msasa uliolowa maji mpaka kaboni ikafika kwenye ukingo wa chuma. Zinatoka duara kabisa na zote kipimo kimoja. Maji ni lazima na barakoa ni lazima, vumbi la kaboni si la kuvuta. Nikazipaka grisi ya dragi kidogo tu, safu nyembamba, grisi ya kawaida ya beringi za gari sikuitia huko. Hapo kabla niliagiza seti iliyokatwa tayari kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja, ikaja nyembamba kuliko inavyotakiwa, nyota inafika mwisho na dragi bado haijashika, kwa hiyo za kwangu zimeshinda za kununua kwa sababu nimezipima kwenye rili yenyewe.

Lakini sasa nisikilizeni hapa vizuri maana ndo sababu iliyonifanya niandike yote haya. Ukiweka kaboni unaweza kukaza dragi kuliko rili ilivyokuwa imezoea, na ile nguvu haipotei, inahamia kwenye kipuri kinachofuata. Nimesema slivu ndo inasimama wakati gia inazunguka, sasa nani anaishikilia slivu isizunguke? Ni dogi, kile kidude kidogo chenye springi kinachozuia mkono usirudi nyuma. Nguvu yote ya samaki inaishia kwenye ncha ya dogi na meno ya slivu. Meno yakiwa yameliwa, dogi linateleza, mkono unarudi nyuma kwa kasi na vidole vyako viko pale pale, hiyo ni ajali na si mchezo. Kwa hiyo dogi sijalitengeneza, na simshauri mtu alitengeneze kwa brasi wala alumini wala kipande cha chuma laini alichokiokota, linakula ncha baada ya muda mfupi. Nimenunua dogi jipya na slivu ya stenlesi, gia kubwa na gia ndogo nikazikagua meno kwa lensi, zilikuwa nzima nikaziacha. Ukikaza dragi, kagua na miguu ya rili inakoshika kwenye fimbo na skrubu za nguzo za fremu, maana fremu ikianza kujikunja gia zinaachana na meno yanasagika hata kama ni mapya.

Na usikaze kwa kukisia. Kanuni ya wavuvi wengi ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo 15 dragi iwe kama kilo 4 mpaka 5, unapima kwa mizani ya kuning'iniza, unafunga mshipi kwenye ndoano ya mizani unavuta taratibu unasoma pale inapoanza kutoka na pale inapoendelea kutoka, hizo namba mbili zikikaribiana dragi yako ni nzuri. Kumbuka pia spuli ikipungua dragi inapanda yenyewe, kipenyo cha mshipi uliobaki kikifika nusu ya kile cha mwanzo nguvu ya kuuvuta inakuwa mara mbili, na nyota hujaigusa. Watu wanakatikiwa mshipi mwishoni mwa mbio wanalaumu fundo, kumbe ni hilo.

Mkono nimetengeneza wote na nimefurahi nao mno. Wa zamani ulikuwa mfupi na kishikio chake kidogo, ukishika na mkono uliolowa kinateleza. Nimekata bapa la stenlesi, nikalichonga kwa tupa kwenye jiliwa, tundu la katikati nikalifanya kwa uangalifu sana mpaka likakaa kwenye slivu bila kucheza hata kidogo, likicheza linakula slivu. Kishikio nimekikereza kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ile nyeupe nzito, vipande vitatu nimevibana na boliti maana gundi haiishiki plastiki hiyo, drili ikatumika tena kama kerezo. Haunywi maji, hauozi, haupasuki, na ukichafuka unakwangua. Mkono mrefu unakupa nguvu zaidi kwa kila mzunguko ila na wewe unaanza kuilazimisha gia, kwa hiyo nimeongeza urefu kidogo tu.

Springi ni kazi ndogo inayolipa. Springi ya dogi na ile ya klika (kidude kinacholia spuli ikizunguka) nimekunja kutoka waya mwembamba wa gitaa, ile nyuzi ya chuma isiyo na waya wa kuzungushia juu yake, unazungusha kwenye msumari mwembamba kuliko kipimo unachotaka kwa sababu waya ukiuachia unafunguka kidogo. Ila ni chuma kinachoshika kutu, baharini kinadumu kiasi chake kisha unabadilisha. Ukipata waya wa springi wa stenlesi kaa nao huo.

Rili nyingine nimezigusa pia. Kwenye Abu Ambassadeur ya zamani, ambazo zilianza 1952 kule Svängsta Sweden, nimebadilisha bushi za spuli nikaweka beringi ndogo za 3 kwa 10 kwa milimita 4, urushaji ukabadilika kabisa, na vile vipande vya breki ya spuli vinavyoteleza kwenye vijiti nimevikata kutoka mrija wa plastiki ngumu na vinafanya kazi sawa na vya kiwandani. Rili za kusimama, zile zenye waya unaofunguka na kujifunga kuongoza mshipi kwenye spuli, waya wenyewe nimeutengeneza kwa spoki ya baiskeli ya stenlesi. Wengine wanaukata kabisa wanabaki na kidole tu cha kuokotea mshipi, na si wazimu huo, Penn wenyewe waliuza 706Z hivyo hivyo bila waya.

Vipuri vya kuprinti kwa mashine ya plastiki? Kwa kifuniko, kishikio au kibano sawa. Ila PLA, plastiki ya kawaida ya kuprintia, inalainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, iache kwenye gari lililofungwa juani utaikuta imepinda, PETG, plastiki nyingine ya kuprintia, inavumilia zaidi. Gia ya nguvu ya kuprinti mi siikubali, nimeona ya jamaa yangu meno yamefutika kwa samaki mmoja.

Kasoro za Senator yenyewe zipo. Ni nzito, mkono wa kushoto utausikia jioni. Gia ya 114 ya kawaida ni ya polepole, samaki akikukimbilia kuelekea boti unazungusha mpaka bega linawaka, na kurusha nayo mbali kutoka ufukweni si kazi yake. Ukitia mshipi wa kusuka anza na tabaka la nailoni chini, la sivyo unateleza wote kwenye kromu, unadhani dragi imelegea. Na kama rili yako bado ina spuli ya plastiki ya zamani, usijaze nailoni kwa kuvuta kwa nguvu, nailoni iliyonyooshwa inataka kurudi na mikunjo mia kadhaa ikibana kwa pamoja inapasua spuli, tafuta ya chuma.

Nilivyo nayo sasa sibadilishi na rili mpya ya dukani, maana nyingi za leo zikiharibika unaambiwa kipuri hakipo, hii kila kilichomo ndani nakijua na zaidi ya nusu ya vinavyochakaa naweza kuvikata mwenyewe jioni moja. Kwa anayeanza, anza na washa za dragi na mkono, springi zifuate, dogi na slivu na gia nunua. Sehemu za alumini zinapogusana na stenlesi paka grisi ya baharini kabla ya kufunga, bila hivyo zinalana na safari nyingine hiyo skrubu haitoki. Ukirudi baharini suuza na maji baridi ya bomba yasiyo na presha, presha inasukuma chumvi ndani, kausha, na legeza nyota mpaka mwisho kabla hujaiweka, washa zikikaa zimebanwa miezi zinashikana na samaki wa kwanza anakukatia.